Hodi ya Mgonjwa Iitikiwe

Hospitali zetu za Serikali zimo katika mageuzi makubwa ya utunzaji wa kumbukumbu. Majalada ya karatasi, ambayo kwa miaka mingi yalijaza makabati na kupotea pale yalipohitajiwa zaidi, yanapisha kompyuta. Kwa upande wa Bara, mfumo wa GoT-HoMIS uliotengenezwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, umekwisha kuingia katika hospitali na vituo vingi vya afya, na Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa mwaka 2019 hadi 2024 uliweka azma ya kuifanya mifumo ya namna hiyo ipeane habari. Hatua inayofuata, ambayo nchi nyingine zimekwisha kuichukua, ni kumfungulia mgonjwa mwenyewe lango katika intaneti, ili kwa simu yake aone majibu ya vipimo, dawa alizoandikiwa na tarehe ya kurudi kliniki, na aweze kumwandikia swali daktari au muuguzi wake.

Wapo wanaosema kwamba lango hilo litapunguza siku ambazo wagonjwa hulala hospitalini, na hivyo kuipunguzia Serikali gharama. Hoja hiyo inavutia, hasa kwa ofisa aliyepewa kazi ya kutafuta mahali pa kubana matumizi. Sisi tunaona kwamba ina ukweli nusu, na kwamba ile nusu isiyo ya kweli inaweza kutugharimu. Lango peke yake halimtoi mtu kitandani. Anayemtoa mgonjwa kitandani, au kumwepusha asifike huko, ni mtumishi aliye upande wa pili wa lango, anayeisikia hodi na kuiitikia. Kama mtumishi huyo hayupo, tutakuwa tumenunua mlango na kusahau kujenga nyumba.

Tunaandika haya tukiwa Kizota, kata ya jiji la Dodoma ambayo jina lake ndugu zetu wengi wa Visiwani walilisikia zamani kwa ajili ya mikutano mikuu ya Chama Cha Mapinduzi iliyofanyika katika ukumbi wake, na ambayo leo yajulikana pia kwa maghala ya akiba ya chakula ya Taifa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wamefika hapa wananchi wa Unguja na Pemba walio wabunge, watumishi wa wizara za Muungano, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wafanyabiashara, na nyuma yao wamefuata wazazi na watoto wao. Tangu reli ya kisasa ilipozinduliwa hadi Dodoma mwezi Agosti 2024, mtu aliyepanda boti Unguja asubuhi aweza kulala Dodoma usiku wa siku ile ile. Jalada lake la hospitali haliji naye. Kwa hiyo jambo hili lawahusu wananchi wa Visiwani sawasawa na linavyowahusu watendaji wa Serikali walio hapa, na ndiyo maana twawaandikia wote wawili kwa pamoja.

Tuanze na yaliyoonekana katika nchi zilizotangulia. Nchini Marekani liko shirika liitwalo Kaiser Permanente, ambalo huendesha bima na hospitali kwa pamoja, na kwa hiyo lina kumbukumbu kamili za wanachama wake. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika tawi lake la Colorado, ambako watu zaidi ya 44,000 waliokuwa na lango walilinganishwa na idadi sawa ya wenzao wasiokuwa nalo. Matokeo yaliwashangaza wengi. Wenye lango walikwenda kliniki mara nyingi zaidi, walipiga simu zaidi, walifika zaidi katika idara ya dharura, na walilazwa zaidi kuliko wenzao.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mwingine kutoka hospitali ya Mayo Clinic iliyoko Jacksonville, katika jimbo la Florida. Safari hii waliangaliwa wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokwisha kulazwa, na ikaonekana kwamba mmoja kati ya kila watano alilitumia lango akiwa angali wodini. Walipolinganishwa na wale wasiolitumia, haikuonekana tofauti ya maana katika vifo wala katika idadi ya waliolazimika kulazwa tena ndani ya siku 30.

Kisha mwaka 2019 yakatoka matokeo ya tawi jingine la Kaiser Permanente, la kaskazini mwa California, yaliyohusu watu zaidi ya 165,000 wenye ugonjwa wa kisukari. Hapo picha ilikuwa tofauti. Kwa wagonjwa waliokuwa na kisukari pamoja na maradhi mengine ya kudumu, kama moyo, pumu na shinikizo la damu, kupata lango kuliambatana na kufika zaidi kliniki, na kupungua kwa safari za idara ya dharura na kwa kulazwa kule kunakoweza kuzuilika. Kwa wale waliokuwa na kisukari peke yake, upungufu huo wa kulazwa haukuonekana.

Msomaji atauliza ashike lipi. Sisi twaona kwamba matokeo haya hayapingani ukiyatazama kwa makini. Kwanza, mtu anayejiandikisha katika lango aghalabu ni yule ambaye tayari ana sababu ya kuitafuta hospitali: mja mzito, mwenye kungoja kupasuliwa, aliyeanza kuona dalili. Hivyo kulazwa kwake zaidi kwaweza kuwa kulitokana na ugonjwa uliomfanya ajiandikishe. Pili, faida ya lango yategemea aina ya mgonjwa. Mtu mwenye maradhi matatu, dawa saba na kliniki nne ana mengi ya kusahau na mengi ya kuchanganya, na mtu wa namna hiyo akikumbushwa na kujibiwa mapema huokoka na mengi. Tatu, na hili ndilo tunalopenda watendaji walizingatie, hata pale lango lilipofuatana na kupungua kwa kulazwa, mahudhurio ya kliniki yaliongezeka. Kazi haikutoweka. Ilihama kutoka wodini ikaenda kliniki, mahali ambapo matibabu ni rahisi zaidi na mgonjwa ana nafuu zaidi, lakini ilihitaji madaktari na wauguzi wa kuipokea.

Hii ndiyo nusu ya ukweli isiyotajwa katika hotuba. Atakayefungua lango na papo hapo akapunguza watumishi wa kliniki kwa kutumaini kwamba simu itawafanyia kazi, atakuwa ameziba mfereji ambao maji yangepitia. Mgonjwa ataandika swali Jumatatu, atangoja hadi Ijumaa, na Jumamosi ataletwa akiwa hajiwezi.

Sasa tuitazame hali yetu wenyewe. Siku za kulazwa katika hospitali zetu huongezeka kwa sababu ambazo kila aliyemuuguza ndugu yake anazifahamu. Mgonjwa huchelewa kufika, kwa kuwa ametoka mbali au amehangaika kwanza na dawa za dukani. Akifika, historia yake haijulikani, na vipimo alivyokwisha kufanyiwa kwingine huanza upya. Majibu hungojewa. Dawa moja hukosekana na ndugu huzunguka mjini kuitafuta. Mgonjwa akiambiwa aende nyumbani, huondoka na mfuko wa dawa na karatasi asiyoielewa, na baada ya wiki mbili hurejeshwa na ugonjwa ule ule. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, hupokea wagonjwa kutoka mbali sana, na kwa mtu wa Kondoa, yapata kilomita 160 kutoka hapa, kila siku ya ziada wodini ina maana ya ndugu aliyeacha shamba, chakula cha kununua na mahali pa kulala pa kutafuta. Kwa mtu wa Mkoani, Tumbatu au Mafia aliyepelekwa ng'ambo kutibiwa, huongezeka nauli ya boti na bahari ya kuvuka.

Kati ya sababu hizo zote, lango laweza kusaidia katika mbili: historia isiyojulikana, na maelekezo yasiyoeleweka wakati wa kuruhusiwa. Haliwezi kuleta dawa ambayo haipo wala kusoma picha ya eksirei ambayo haina mtaalamu wa kuisoma. Ni vizuri tuseme hivyo mapema ili tusilitwike mzigo lisioweza kuubeba.

Juu ya historia ya mgonjwa, mwananchi wetu hakungoja intaneti. Mgonjwa wa nje aliye wa kawaida hutembea na daftari lake la shule, lililoandikwa jina lake juu, ambamo kila daktari huandika. Mama mja mzito ana kadi yake ya kliniki na mtoto ana kadi yake ya chanjo na uzito. Aishiye na virusi vya UKIMWI hubeba kadi yake, na kituo hubaki na nyingine. Vitu hivi ni lango la mgonjwa kwa maana halisi: kumbukumbu iliyo mikononi mwa mwenyewe. Upungufu wake twaujua, kwani daftari hulowa, huibwa pamoja na mkoba, au huachwa nyumbani siku ya ajali. Lakini wataalamu wanaobuni lango jipya hawana budi kwanza kujifunza kwa nini wananchi wamelitunza daftari hilo kwa uaminifu miaka yote hii. Walilitunza kwa sababu kila walipolitoa, alikuwapo mtu wa kulisoma.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao hata hivyo wengi watautambua. Mama mwenye kisukari na shinikizo la damu, anayehudhuria kliniki huko Pemba, amekuja Kizota kumwangalia mwanawe aliyehamishiwa huku kikazi. Anazidiwa usiku. Hospitalini anaulizwa anatumia dawa gani, naye anajibu kwamba ni vidonge vyeupe viwili na cha njano kimoja. Daktari wa zamu, kwa uangalifu unaostahili, hawezi kumtibu kwa rangi ya vidonge. Anaagiza vipimo vyote upya na kumlaza amwangalie. Siku mbili au tatu za kitandani zimetumika kutafuta habari ambayo ilikuwa imeandikwa tayari, kwa mkono wa daktari mwingine, ng'ambo ya bahari.

Hapa twafika kwenye jambo la kisheria ambalo halina budi kusemwa wazi. Afya si jambo la Muungano. Bara ina Wizara yake ya Afya na Zanzibar ina yake. Bara ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, na Zanzibar ina Mfuko wake wa Huduma za Afya. Hatusemi kwamba mpangilio huo ubadilishwe, maana huo ni mjadala mwingine wenye mahali pake. Tunachosema ni kwamba maradhi hayakuusoma mpangilio huo. Kama kila upande utajenga lango lake bila kupatana na mwenzake juu ya namna ya kumtambua mgonjwa na kuandika majina ya dawa na vipimo, basi baada ya kutumia fedha nyingi tutabaki na yule mama wa vidonge vyeupe. Mkazi wa Zanzibar aweza kuwa na kitambulisho cha NIDA na pia Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na mtoto mdogo hana hata kimoja cha watu wazima. Nani ataamua kwamba namba hizi mbili ni za mtu mmoja? Swali hilo ni dogo likiulizwa sasa mezani, na litakuwa kubwa likiulizwa baadaye wodini.

Wapo watakaodhani kwamba tunapinga maendeleo. La hasha. Nchi yetu ina historia nzuri ya kutumia vyombo vya mawasiliano kwa ajili ya afya, na historia hiyo yatufundisha jambo lile lile. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo iliwafikia watu wapatao milioni 2. Chombo kilikuwa redio. Lakini wananchi hawakuachiwa redio peke yake: walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu cha kufuata, na baada ya kipindi kwisha walizungumza na kuamua la kufanya. Vyoo vilivyochimbwa vilichimbwa na watu walioamua pamoja, chini ya kiongozi waliyemjua.

Mifano ya karibuni ni ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyowapelekea akina mama waja wazito na wazazi wapya ujumbe mfupi wa bure, hata katika simu ndogo zisizo na intaneti. Huduma ya m-mama, yenye namba ya bure 115, humpokea mama mja mzito au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura, na mtumishi aliye zamu huamua apelekwe kituo gani, na kama gari la wagonjwa liko mbali humwita dereva wa mtaani ambaye hulipwa kwa simu. Zanzibar, kwa upande wake, imetuonyesha njia kwa mpango wake wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wa kujitolea wa jamii zaidi ya 2,000, kila mmoja na simu yake yenye programu ya kumwongoza, hupita nyumba kwa nyumba wakiwatazama waja wazito na watoto. Katika mipango hii yote simu ni chombo tu cha kumwita mtu, na mtu huyo huitika. Watendaji wa Bara hawatapungukiwa na heshima wakivuka bahari kwenda kujifunza.

Majirani zetu wa Kenya nao wanatupa somo. Huko Mamlaka ya Afya ya Jamii ilianza kazi Oktoba 2024, na wananchi hujiandikisha kwa lango liitwalo Afya Yangu, au kwa kupiga *147# kwa wale wenye simu ndogo. Uamuzi wa kutowaacha wenye simu ndogo ni wa kusifiwa. Lakini majuma ya mwanzo yalikuwa magumu. Mfumo ulikwama mara kwa mara, na wapo wagonjwa waliofika kwa matibabu yasiyosubiri wakakuta kwamba kompyuta haiwatambui. Funzo ni kwamba kila lango liwe na mlango wa uani. Siku mtandao usipopatikana au umeme ukikatika, mgonjwa atibiwe kwanza, na kuandikishwa kufuate.

Jambo la siri nalo si la kupuuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni habari nyeti. Sheria hiyo ni njema, lakini katika nyumba nyingi simu ni moja na watumiaji ni watano. Mke anayetibiwa ugonjwa ambao hajamwambia mumewe, kijana aliyepima virusi, mtu aliyepata matibabu katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe hapa Dodoma na sasa anatafuta kazi, hao wote wana haki ya kuuliza nani atayaona majibu yao pindi yanapoingia katika simu. Visiwani, ambako mitaa ni midogo na watu wanajuana kwa ukoo, swali hilo ni zito zaidi. Mgonjwa akiona kwamba siri yake haina kufuli, hataligusa lango, na huenda akaiacha na hospitali yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si haki kumlaumu mfichaji ikiwa sisi ndio tuliomtisha.

Liko pia suala la lugha. Madaktari wetu huandika kwa Kiingereza na kwa vifupisho vya kazi yao. Mwaka 2010 lilianza jaribio huko Marekani, katika miji ya Boston na Seattle na katika jimbo la Pennsylvania, ambapo madaktari 105 waliwafungulia wagonjwa wao wasome kila walichoandika juu yao. Kati ya asilimia 60 na 78 ya wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa walisema kwamba kusoma huko kuliwasaidia kuzitumia ipasavyo, na jaribio lilipokwisha hakuna daktari hata mmoja aliyeamua kufunga. Lakini wale wagonjwa walisoma lugha wanayoizungumza. Mgonjwa wetu akifungua lango akakuta Kiingereza cha wodini, atakuwa amepewa barua asiyoweza kuisoma. Sisi tulio wenyeji wa Kiswahili, wenye Baraza la Kiswahili Bara na jingine Zanzibar, hatuna udhuru katika hili. Karatasi ya kuruhusiwa, iwe ya mkononi au ya simuni, iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: umeugua nini, dawa hii unywe lini na kwa siku ngapi, ukiona dalili hii rudi upesi bila kungoja tarehe, na ukiwa na swali piga namba hii. Bahasha ya dawa yenye alama za 1 x 3 peke yake haitoshi.

Tunajua jibu ambalo watendaji watatupa. Watasema kwamba wauguzi ni wachache na tayari wamelemewa, na kwamba kuwaongezea maswali ya simu ni kuwavunja mgongo. Hoja hiyo ni ya haki, na hatuibezi. Kwa sababu hiyo hiyo tunashauri lango lisifunguliwe kwa watu wote kwa siku moja ili kupata idadi ya kutangaza. Lianze kwa wale ambao uchunguzi wa California ulionyesha kwamba wananufaika, yaani wagonjwa wenye maradhi ya kudumu zaidi ya moja, na kwa wale walioruhusiwa kutoka wodini katika siku 30 zilizopita. Kundi hilo si kubwa, laweza kufahamika kwa majina, na muuguzi mmoja aliyetengewa kazi hiyo katika kila hospitali, tena mwenye posho na simu ya ofisi, aweza kuanza nalo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. La kwanza, kabla ya kununua programu yoyote, kila hospitali ihakikishe kwamba hakuna mgonjwa anayeruhusiwa bila karatasi ya Kiswahili na bila namba ya kupiga ambayo inapokelewa. La pili, Wizara mbili za Afya, ya Bara na ya Zanzibar, zikae pamoja na kupatana juu ya namna moja ya kumtambua mgonjwa na kupeana habari zake kwa idhini yake, ili mtu wa Chake Chake akiugua Dodoma, au mtu wa Dodoma akiugua Nungwi, ajulikane. La tatu, kila huduma itakayowekwa katika lango iwe na njia ya ujumbe mfupi au ya sauti kwa wenye simu ndogo, na daftari lisifutwe mpaka mwenyewe aridhike. La nne, na hili ni la Waheshimiwa Wabunge na Wawakilishi, maofisa wanapoleta taarifa za mafanikio wasikubaliwe kuhesabu waliojiandikisha. Waulizwe ni maswali mangapi ya wagonjwa yalijibiwa ndani ya siku moja, na ni wagonjwa wangapi walioruhusiwa waliolazimika kulazwa tena ndani ya mwezi.

Twasisitiza hilo la mwisho kwa sababu upungufu wa siku za kulazwa si wema kwa nafsi yake. Kitanda chaweza kuwa kitupu kwa sababu mgonjwa amepona, na chaweza kuwa kitupu kwa sababu amerudishwa nyumbani kabla ya wakati wake na kuachiwa simu imwuguze. Katika hesabu ya mwisho wa mwezi vitanda hivyo viwili hufanana. Anayejua tofauti yake ni familia iliyoko nyumbani, na ofisa asiyeiuliza familia hiyo hatajua kamwe ametenda lipi kati ya hayo mawili.

Ustaarabu wetu, wa Bara na wa Visiwani, una desturi moja juu ya mlango. Mgeni hupiga hodi, na mwenye nyumba huitikia karibu. Mgeni akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, huondoka, na hata akija siku nyingine huja kwa mashaka. Serikali zetu mbili zinapojiandaa kuwafungulia wagonjwa lango jipya, ziweke kwanza mtu wa kuitikia, zimlipe, na ziwe na utaratibu wa kujua kama ameitikia. Mgonjwa wa Kizota na mgonjwa wa Kojani wote wawili wataishi na matokeo ya uamuzi huo.